Namna ya kupima sauti ya violini ya zamani

Mtu akipewa violini ya Ufaransa yenye umri wa miaka mia mbili, atajuaje kama sauti yake ni njema kweli? Wengi huchungulia kwanza kikaratasi kilichobandikwa ndani, wapate kusoma jina la fundi. Lakini kikaratasi hakina sauti.

Mji wa Mirecourt, mashariki ya Ufaransa, ndipo alipozaliwa Mtakatifu Pierre Fourier mwaka 1565. Huko mafundi wengi waliishi kwa kazi ya kuchonga violini. Nyingi zilibandikwa jina la Stradivari, yule fundi mkubwa wa Cremona katika inchi ya Italia, wala hazikutoka mkononi mwake.

Mwana mmoja wa Mirecourt, François Chanot, injinia wa merikebu, alitengeneza violini ya namna mpya, yenye umbo kama la gitaa. Mwaka 1817 ilipimwa Paris mbele ya wenye elimu wa Akademia. Mpigaji Alexandre Boucher aliwekwa mahali wasipomwona, akapiga mara hii mpya, mara ile ya Stradivari. Wasikilizaji wakahukumu ya kuwa mpya haishindwi na ya zamani.

Je, neno limekwisha? Bado. Mwaka 1818 Jean-Baptiste Vuillaume, naye mzaliwa wa Mirecourt, alikuja Paris kufanya kazi kwa Chanot. Lakini sifa yake kubwa aliipata baadaye, kwa kufuata mifano ya mafundi wa Cremona. Umbo la Chanot likaachwa.

Mwaka 2012, huko Vincennes karibu na Paris, wapigaji hodari 10 walivikwa miwani ya giza, wakapewa violini 6 za zamani za Italia na 6 za siku hizi. Watu 6 kati yao walichagua mpya.

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, jina na uzee visihukumu mahali pa masikio. Tufumbe macho, tusikilize kila uzi, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Tena mwenzetu asikilize kwa mbali, maana sikio la mpigaji liko karibu mno na chombo. Pili, hukumu ya saa moja isiitwe hukumu ya mwisho. Miaka ya kazi nayo ina ushahidi wake.

Na anayejifunza kupima chombo hivi, asiwapime watu kwa kikaratasi.