Kidonge na Siku Yake

Maradhi mengi huja kwa kelele: homa hutetemesha, jino huuma, na maumivu yenyewe humkumbusha mgonjwa dawa yake. Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, halina desturi hiyo. Mara nyingi huingia bila kubisha hodi, likaidhuru mishipa, moyo na ubongo miaka mingi, na mwenyewe hana habari.

Hapo zamani shida ilikuwa dawa. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa na madaktari hodari, lakini hawakuwa na dawa ya kufaa ya kuishusha presha yake. Akafariki tarehe 12 Aprili 1945, damu ilipovuja ubongoni. Mwaka 1958 kilianza kuuzwa kidonge cha klorothiazidi, ambacho wagonjwa wengi waliweza kukivumilia. Mwaka 1967 Daktari Edward Freis na wenzake walitangaza jaribio lao kwa wanaume 143 wenye presha kali. Katika 70 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa; katika 73 waliopewa dawa, 2 tu.

Je, shida ikaisha? La. Kidonge kisichomezwa hakimfai mtu, na asiyesikia maumivu husahau upesi. Chupa nayo ni bubu: ukiitazama jioni, haikuambii kama umekwisha kumeza cha leo.

Jawabu lilitoka upande mwingine. Mwaka 1962 mhandisi mmoja wa Illinois, David Wagner, alichoshwa na kuhesabu siku za vidonge vya kupanga uzazi alivyotumia mkewe. Akatengeneza kibweta cha duara, kila kidonge na siku yake. Nafasi tupu ikawa shahidi. Fikira ya namna hiyo imefika hata kwenye dawa za presha: ziko pakiti zilizoandikwa siku za juma, na vijisanduku vyenye vyumba saba. Majaribio yameonyesha kuwa huwasaidia wagonjwa kiasi kufuata dawa zao.

Kiasi, nasema, kwa maana pakiti haimnunulii dawa asiye na fedha, wala haimrudishi aliyeiacha akidhani amepona. Basi, msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye presha, usimwulize tu kama dawa anayo. Tazameni pamoja pakiti yake. Kidonge ambacho siku yake imepita, nacho kingali mahali pake, chataka kuulizwa sababu, tena kwa upole.