Uwakala wa kamisheni mtandaoni: namna ya kutofautisha kazi na mtego

Ujumbe huja kwa WhatsApp, na mara nyingi anayeutuma ni mtu anayefahamika: shemeji aliyeko Bujumbura, au rafiki wa ng'ambo ya mpaka, Kigoma au Uvira. Unaeleza kuwa ipo kampuni ya nje inayomlipa kila siku mtu anayetangaza bidhaa kwa simu yake, na kwamba kinachotakiwa ni kuanza na faranga chache kupitia Lumicash au EcoCash. Kwa kijana wa Rumonge ambaye riziki yake hutegemea mawese, ndagala na mizigo ya bandarini, ahadi hiyo si rahisi kuipuuza, hasa siku ambazo ziwa halitoi kitu.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba kazi ya namna hiyo ipo kweli. Duka la mtandaoni humpa wakala kiungo chenye alama yake. Mnunuzi akipitia kiungo hicho na kulipia bidhaa, wakala hupata sehemu ya bei. Amazon ya Marekani ilianzisha mpango wake mwaka 1996, na tangu hapo maduka mengi yamefuata mfano huo. Kujiunga ni bure. Kamisheni ni ndogo: mtu aliyewezesha mauzo ya bidhaa ya dola 50 kwa kiwango cha asilimia 4 hupata dola 2, na mnunuzi akiirudisha bidhaa, dola hizo nazo huondoka. Amazon hata huifunga akaunti ya wakala ambaye hakufikisha mauzo matatu katika siku 180 za mwanzo. Kwa maneno mengine, mpango wa kweli hauna mvuto. Masharti yake ni marefu, malipo yake huchelewa, na hakuna anayeahidiwa chochote.

Mpango wa uongo huvaa nguo zile zile. Mfano ulio wazi kuliko yote ni TelexFree, kampuni iliyokuwa na makao katika jimbo la Massachusetts na wafuasi wengi nchini Brazil. Kwa jina ilikuwa ikiuza huduma ya kupiga simu kupitia intaneti. Mwanachama alilipa dola 289 na kuahidiwa dola 20 kwa wiki, au dola 1,375 na kuahidiwa dola 100 kwa wiki, kwa kazi ya kubandika matangazo mtandaoni. Watu walibandika kweli, tena kwa bidii. Lakini mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilipochunguza hesabu, ilikuta kwamba mauzo ya huduma ya simu kuanzia Agosti 2012 hadi Machi 2014 yalikuwa takriban dola milioni 1.3, ilhali malipo yaliyoahidiwa kwa wanachama yalizidi dola bilioni 1.1. Mauzo hayo hayakufikia hata asilimia mbili ya deni. Kilichobaki kililipwa kwa viingilio vya wanachama wapya. Mahakama ya jimbo la Acre, Brazil, iliisimamisha mwaka 2013. Aprili 2014 ikaomba kufilisiwa nchini Marekani, na mwaka 2017 mmoja wa viongozi wake, James Merrill, alihukumiwa kifungo cha miaka sita.

Funzo la kesi hiyo ni swali moja ambalo kila anayealikwa anapaswa kuliuliza: nani hasa ananunua? Kama hakuna mteja wa nje anayelipia bidhaa kwa sababu anaihitaji, basi fedha ya malipo inatoka mfukoni mwa jirani. Na majirani huisha. Mtu mmoja akiingiza watano, na kila mmoja wao akaingiza watano wengine, kufikia ngazi ya kumi jumla yao ni watu 12,207,031, yaani karibu wakazi wote wa Burundi, vikongwe na watoto wachanga wakiwemo.

Ukanda huu umekwisha kuonja machungu hayo. Tanzania ilikuwa na DECI, iliyotumia lugha ya kanisani ya kupanda na kuvuna hadi serikali ilipoizuia mwaka 2009. Viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu haramu. Uganda, benki kuu ilitoa onyo juu ya OneCoin mwaka 2017, mwaka ule ule ambao mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka. Hadi leo anatafutwa na FBI. Mapema mwaka 2025 polisi wa Tanzania waliwakamata watu waliohusishwa na LBL, iliyowaahidi wanachama malipo kwa kutazama matangazo ya filamu. Burundi yenyewe ilipiga marufuku biashara ya sarafu za kidijitali mwaka 2019, baada ya raia kulalamika kwamba wamepoteza fedha zao. Kwa hiyo mpango wowote unaomtaka mkazi wa Rumonge anunue sarafu hizo ili ajiunge, humwingiza matatani kabla hata hajatapeliwa.

Upatu wa kawaida, likelemba kwa wengine, haumo katika lawama hii. Wanachama wake wanajuana, na anayepokea hupokea kile kile kilichochangwa. Hakuna anayedai kwamba fedha imezaa.

Hati ya usajili nayo isimpumbaze mtu. Kampuni inaweza kusajiliwa kihalali kama biashara bila kuwa na idhini ya kukusanya fedha za umma. Kwa Burundi, idhini hiyo hutolewa na Benki ya Jamhuri, BRB. Kipimo kingine ni kutoa fedha. Matapeli hulipa vizuri mwanzoni, kwani malipo ya kwanza ndiyo matangazo yao. Dalili mbaya huonekana pale kiasi kikubwa kinapoombwa: ghafla inadaiwa "kodi", au "ada ya kufungua akaunti", ilipwe kwanza. Duka la kweli hukata gharama zake ndani ya malipo, halimwambii wakala atume fedha ili apewe fedha.

Hata mpango ukiwa safi, anayeishi pwani ya Tanganyika ana maswali yake ya kuuliza kabla ya kuanza. Je, malipo yatafika kwa njia gani hadi Burundi, na kiwango cha chini cha kutolewa ni kipi? Je, duka hilo hufikisha bidhaa kwa watu wanaomsikiliza, au wateja wake watakuwa ndugu walioko Ulaya na Marekani? Wengi hugundua majibu baada ya miezi ya kazi.

Aliyekwisha kutuma fedha asifute kitu. Namba ya muamala, jina lililoonekana wakati wa kutuma, picha za skrini za mazungumzo na namba za simu za waliomwalika ndivyo vitakavyohitajiwa na kampuni ya simu pamoja na polisi, na saa za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa ya kuzuia fedha isitolewe. Ajihadhari pia na mtu atakayempigia siku chache baadaye, akijitambulisha kuwa wakili au mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa, na kuomba ada kidogo ya kuanzia. Orodha za waliotapeliwa huuzwa, na mara nyingine anayepiga ni yule yule wa kwanza.