Flati Si Laana: Huu Uoga Ulitoka Jeshini

Ukimtajia mzee wa Kenya neno "nyayo", atakumbuka Moi na maziwa ya shule. Mimi leo naongelea nyayo zenyewe, hizi za kukanyagia, hasa zile bapa ambazo mtaani tunaziita flati.

Kila msimu wa kusajili makurutu ukikaribia, vijana wa Kondele na Nyalenda huanza kuchunguliana miguu. Ati mwenye flati harudi na barua. Kutoka hapo mtu anaishi akiamini mwili wake una kasoro. Maoni yangu ni haya: uoga huu haukuanzia kwa mguu. Ulianzia jeshini.

Karne iliyopita, madaktari wa majeshi ya Uingereza na Marekani waliogopa kwamba mwenye nyayo bapa hatastahimili kutembea na buti na mzigo mgongoni. Katika vita vyote viwili vya dunia, vijana wengi walirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo.

Sasa geuka uangalie huku kwetu ziwani. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Vita vilipozuka 1914, Waingereza wakaunda Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ndicho kilichotuachia jina la Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Nyanza ilitoa wapagazi wengi sana. Walitembea mamia ya kilomita ndani ya koloni la Wajerumani, mzigo kichwani, wengi wao pekupeku. Hata askari wa KAR siku hizo walipiga maachi bila buti. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi, na waliowamaliza zaidi ni kuhara damu, malaria na lishe mbovu. Si umbo la unyayo.

Utafiti ulikuja baadaye. Mwaka 1947, Harris na Beath wa Kanada walitoa matokeo ya kupima miguu ya wanajeshi 3,619. Waliona kwamba flati nyingi ni laini, zina nguvu na hazisumbui. Shida iko kwa wachache ambao mshipa wa kisigino ni mfupi au mifupa ya mguu imeungana. Mwaka 1993, utafiti wa makurutu 246 wa Marekani ulionyesha kuwa wenye nyayo bapa zaidi waliumia kidogo kuliko wenye tao la juu. Yaani kile kilichoogopwa miaka yote hakikuwa adui.

Na viatu je? India, mwaka 1992, watoto 2,300 walipimwa. Waliovaa viatu walikuwa na flati asilimia 8.6, waliokwenda pekupeku 2.8. Kwa hivyo mtoto akicheza peku kwenye nyasi au mchanga mkavu, muache. Lakini mtu wangu, usimpeleke kukanyaga maji ya kina kifupi ufuoni. Kichocho kinaingilia ngozi, na ziwa letu linacho.

Jipime hivi. Lowesha mguu, kanyaga simiti. Ukiona alama ya unyayo mzima bila pengo upande wa ndani, wewe ni flati. Kisha simama kwa vidole. Tao likijitokeza, mguu wako ni laini, na kama hauumi, endelea na maisha. Watoto wote huzaliwa bila tao, nalo hujijenga taratibu hadi karibu miaka 10, kwa hivyo mzazi asikimbilie kununua viatu vya "kunyoosha". Soli maalum hupunguza maumivu, ila haziumbi tao.

Ukiumia, nyoosha misuli ya nyuma ya mguu kwa kuegemea ukuta, vuta taulo kwa vidole vya miguu, na ukienda Kibuye kuchagua mitumba, bonyeza kisigino cha kiatu. Kikikunjika kama karatasi, kirudishe. Tao likikataa kutokea, mguu ukiwa mgumu, au upande mmoja tu ukianza kulala ukubwani, hiyo ni safari ya kwa daktari.

Jeshi lina haki ya kuchagua linaowataka. Lakini barua ya kukataliwa ni jibu la ajira, haisemi mguu wako ni mbovu. Walioubeba mzigo wa vita ile kutoka Nyanza hawakuwa na buti, na bado walifika.