Karatasi ya watu wa posta

Ndugu wanamemba, katika mkutano uliopita mfadhili mmoja aliuliza kama karatasi yetu isitoke kwa Kifaransa tu. Swali si jipya hapa Kisangani.

Wakati muji ulikuwa bado Stanleyville, gazeti kubwa, Le Stanleyvillois, lilikuwa la Wazungu. Wafanyakazi weusi wa posta walikuwa na chama chao cha kusaidiana, APIPO, na chama hicho kikatoa kijarida chake, L'Écho Postal. Aliyekiongoza ni karani wa posta, Patrice Lumumba, aliyefika hapa 1944. Kumbe kabla ya siasa alikuwa anapanga habari za wenzake wa biro!

Lakini kilikuwa cha Kifaransa. Mama wa sokoni, hata bibi wa karani mwenyewe, wangekisoma namna gani? Baadaye MNC ya Lumumba ilipotoa gazeti hapa hapa, ililipa jina la Kiswahili: Uhuru. Jina hilo hata asiyejua kusoma alilielewa.

Basi, kwangu mimi karatasi hii ibaki Kiswahili, na wafadhili tuwaandikie ukurasa mmoja wa Kifaransa. Tutapiga kura mkutano ujao.