Jodari hakutushinda kwa akili

Wiki iliyopita niliweka video ya ami yangu akiwa pale Feri, upande wa kisiwani, akieleza namna ya kumtafuta jodari bahari kuu. Msee mmoja akaandika: "Hizo hadithi za wazee. Jodari ni wa meli za wazungu." Nilicheka, halafu ikaniuma. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hii historia wacha tuifungue kidogo.

Ami anasema hivi: usitafute samaki, tafuta ndege. Ukiona membe wamejaa mahali wanapiga mbizi, chini kuna dagaa, na anayewapandisha juu mara nyingi ni jodari. Ukikuta gogo linaelea, usilipite hivihivi, chini yake samaki hujikusanya. Zunguka kando yake ukirambaza, mshipi unaburutwa nyuma ya chombo. Akishika, mtoe damu na matumbo upesi, mtie barafu. Jodari akipigana mwili wake hupata joto, na akiachwa juani, atakayemla anaweza kuwashwa mwili mzima. Na ngoja kaskazi, bahari ikitulia. Kusi ikivuma, mashua ndogo haina kazi huko nje.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1979 Kenya ilitangaza kwamba bahari yake ya kiuchumi inafika maili 200 kutoka pwani. Kwenye karatasi tukawa matajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, meli za Ufaransa na Hispania zilizozoea kuvua Atlantiki zikaanza kuhamia Bahari ya Hindi, na Victoria kule Shelisheli ikawa bandari yao kubwa. Nyavu zao za kuzungushia zinapita kilomita moja kwa urefu.

Na jodari wanamtafutaje? Wana rada za kuonea ndege. Wanaachia maboya yaelee, yenye mitambo ya setilaiti, samaki wajikusanye chini yake. Yaani ni membe na gogo la ami, ila vimetiwa umeme!

Kwa hivyo usiniambie wazee hawakujua. Walijua. Walichokosa ni injini kubwa, barafu ya siku kadhaa na mtaji. Mashua inayotoka alfajiri na kurudi jioni haiwezi kufika maili 200. Na tusiwalaumu wageni peke yao, leseni za kuvua huku serikali zetu wenyewe ndizo zilizowauzia.

Halafu bahari nayo ina mwisho. Mwaka 2015 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ilisema jodari wa mapezi ya manjano amevuliwa kupita kiasi, na 2016 ikaanza kuweka viwango vya kupunguza. Gogo moja la ami halikufanya hayo.

Leo ukishuka Feri, dukani kuna jodari wa mkebe kutoka ng'ambo, na nje ami anauza wake kwenye karai. Mwezi jana aliniuliza kama nitamfuata baharini. Nikamwambia nitakuja kurekodi. Hakunijibu.

Kaskazi ikiingia naenda naye, na mshipi nitashika mimi. Kwenu je? Kuna mzee anayejua kumtafuta jodari? Muulize, halafu tuandikie hapo chini alivyosema.