Simu Imekufa, Picha Zimo: Ya Kufanya Kabla ya Kumpa Fundi

Simu ikizima kabisa, watu wengi hapa Pwani husema imekufa na vitu vyote vilivyomo. Aghalabu si kweli. Kioo, betri, spika na tundu la chaji vyaweza kuharibika vyote na picha zikabaki salama. Picha zimo kwenye kijidude kidogo kilichochomelewa kwenye bodi, na maadamu bodi ni nzima, nazo ni nzima. Nimeona watu wakipoteza picha za harusi na sauti za wazee waliotangulia mbele ya haki, na sababu haikuwa ule mvunjiko bali yaliyofanywa baada yake. Kwa hivyo nayapanga hapa kwa utaratibu wake.

Anza na visivyo ndani ya simu

Pesa za M-Pesa haziko ndani ya simu. Zimefungamana na nambari yako kwenye mitambo ya kampuni. Toa laini, itie kwenye simu nyingine. Laini nayo ikiharibika, nenda na kitambulisho ukabadilishiwe, nambari ibaki ile ile.

Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google kupitia kompyuta au simu ya mtu unayemwamini, uangalie majina na picha. Kama ulikuwa umewasha bekapu, huenda safari yako ikaishia hapo.

WhatsApp ina mtego wake. Ukiifungua kwenye simu nyingine kwa nambari ile ile na akaunti ile ile ya Google, itakuuliza kama unataka kurudisha mazungumzo ya zamani. Kubali papo hapo. Ukiruka hatua hiyo, bekapu mpya yaweza kuja kukaa juu ya ile ya zamani.

Simu yako ikiwa na memori kadi, itoe uijaribu kwenye simu nyingine. Haitasomeka tu kama ilikuwa imeunganishwa iwe sehemu ya memori ya ndani.

Kioo kimepasuka lakini simu inalia

Simu inayolia au kutetemeka iko hai. Njia nyepesi ni kutiwa kioo kingine, hata cha bei rahisi, kitakachodumu saa moja ukatoa vitu vyako. Ikiwa picha yaonekana lakini kioo hakisikii kidole, nunua kile kiunganishi kidogo cha OTG, uchomeke mausi ya kompyuta, ubonyeze nambari ya siri kwa mausi. Kuiunganisha na kompyuta peke yake mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa simu hudai ifunguliwe kwanza.

Simu iliyoingia maji ya bahari

Hii ndiyo yetu sisi watu wa Pwani. Izime mara moja. Usiichaji, usiiwashe ati uone kama inafanya kazi. Toa laini, toa kadi, na betri kama inatoka.

Habari ya kuifukia kwenye mchele iacheni. Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaonya wateja wao wasifanye hivyo. Mchele haufiki kwenye bodi, na chumvi hubaki hata maji yakikauka, ikaendelea kula shaba kidogo kidogo. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele pia si dawa. Dawa ni fundi aifungue siku hiyo hiyo na kuisafisha bodi kwa spiriti.

Nambari ya siri ndiyo ufunguo

Simu za siku hizi huhifadhi vilivyomo kwa maandishi ya mafumbo. iPhone zilianza kufunga data kwa nambari ya siri ya mwenyewe tangu iOS 8 ya mwaka 2014, na simu zilizotoka kiwandani na Android 10, ya mwaka 2019, au mpya zaidi, nazo hufunga. Ufunguo umeshikana na prosesa ya simu ile ile. Fundi akikwambia atang'oa memori tu aipachike kwenye simu nyingine, muulize prosesa itakwenda wapi. Bila hiyo atapata herufi zisizosomeka.

Na nambari ikisahaulika, usibahatishe ovyo. Simu hujifunga, na nyingine hujifuta. Simu ya marehemu ambayo hakuna aliyejua nambari yake ndiyo ngumu kuliko zote. Nasema hivi ili familia ziyazungumze haya mapema, wenyewe wakiwa hai.

Maneno ya kumwambia fundi

Fundi wengi hufurahi simu ikiwaka. Wewe unataka vilivyomo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na usipomwambia, ataiflashi au airudishe kama ilivyotoka kiwandani, iwake vizuri sana ikiwa tupu. Data ikifutwa hivyo, ufunguo wake nao hufutwa. Mwambie waziwazi: "Nataka picha na mazungumzo, simu yenyewe si hoja. Usiflashi, usifute chochote kabla ya kuniuliza." Elewaneni malipo kabla hajagusa bisibisi.

Lipo pia suala la sitara. Simu za mama zetu na dada zetu zina picha za ndani ambazo si za macho ya kila mtu. Kaa hapo dukani kazi ikifanywa, iandike nambari ya siri kwa mkono wako, na ukishapata vitu vyako ibadilishe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inakataza kusambaza picha za siri za mtu, lakini sheria huja baada ya aibu kwisha kuenea.

Simu yako ikiwa nzima leo, fungua sehemu ya mipangilio usiku huu uangalie bekapu ya mwisho ilifanyika lini. Akiba haiozi.