Kucha Nyekundu za Henrietta

Tulipomzika nyanya, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa siku ya mazishi. Niliandika kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa wa ugonjwa: maumivu yalianza lini, tulizunguka hospitali ngapi, harambee ilileta pesa ngapi. Mwishoni nikabandika sentensi moja: "Marehemu alikuwa mcheshi." Basi. Mwanamke aliyekuwa akiigiza mwendo wa chifu mpaka watu washike mbavu, aliyevua viatu akacheza kwenye harusi ya mjukuu wake hadi vijana wakachoka kabla yake, nilimmaliza kwa maneno matatu. Shangazi alisoma, akanirudishia karatasi. "Hapa umeandika habari za saratani," akasema. "Mamangu yuko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Henrietta Lacks. Huenda umewahi kumsikia, msomaji, hata bila kujua. Maabara za dunia nzima zinamjua kwa herufi nne tu: HeLa. Seli za saratani yake ndizo seli za kwanza za binadamu kukuzwa nje ya mwili zikaendelea kugawanyika bila kikomo. Lakini kabla ya kuwa herufi nne alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto watano, na mtu wa raha zake.

Alizaliwa Roanoke, jimbo la Virginia, tarehe 1 Agosti 1920. Mamake alifariki mwaka 1924 akijifungua, na baba, aliyelemewa na watoto, akawagawa kwa jamaa. Henrietta akaangukia kwa babu yake huko Clover, katika nyumba ya magogo iliyowahi kuwa makao ya watumwa. Alikua akivuna tumbaku pamoja na binamu yake, David, waliyemwita Day. Ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Walioana mwaka 1941. Vita vilikuwa vimefungua kazi kwenye viwanda vya chuma karibu na Baltimore, na kama familia nyingi za watu weusi wa kusini, wakahama. Wakatua Turner Station.

Hapo ndipo waliomfahamu humkumbuka vizuri zaidi. Nyumba yake ilikuwa ile nyumba ambayo kila mtu ana moja katika ukoo: jamaa akishuka kutoka mashambani kutafuta kazi, hufikia hapo. Henrietta alipika sufuria kubwa za tambi, binamu wakala wakashiba. Na Day akiwa kazini, yeye na binamu yake Sadie walitoka kwenda kucheza dansi. Alijipenda pia: kucha zake, za mikono na za miguu, alizipaka rangi nyekundu. Kumbuka hizo kucha.

Januari 1951, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa tano, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins. Alikuwa amehisi kinundu ndani ya mwili wake. Hiyo ilikuwa moja ya hospitali chache zilizowapokea watu weusi, ingawa walilazwa kwenye wodi zao peke yao. Madaktari walikuta saratani ya mlango wa kizazi. Wakamtibu kwa madini ya radiamu, tiba ya wakati ule. Lakini kabla ya kuiweka, daktari alikata vipande viwili vya nyama: kimoja kutoka kwenye uvimbe, kingine mahali pazima. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemwomba. Wakati huo wagonjwa wa wodi za bure walichukuliwa kana kwamba kutibiwa bila malipo kulikuwa ruhusa tosha.

Vipande vilipelekwa kwa mtafiti George Gey, aliyekuwa amejaribu kwa miaka mingi kukuza seli za binadamu, zikawa zinakufa. Hizi hazikufa. Ziliongezeka maradufu kila baada ya takriban saa 24. Mwenye seli, yeye, alikuwa anaisha. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na miaka 31.

Mary Kubicek, msaidizi wa Gey aliyezilea seli zile, alitumwa kwenye chumba cha maiti kuchukua sampuli zaidi. Aliogopa kumtazama usoni, macho yakaangukia miguuni. Akaona kucha zenye rangi nyekundu iliyobanduka. Alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa seli alizokuwa akizihudumia zilitoka kwa mwanamke hai, aliyekaa mahali akainama kupaka rangi kucha zake. Rangi ilibanduka kwa sababu alikuwa mgonjwa mno kuipaka upya.

Wengine walichukua muda mrefu zaidi kutambua. Seli zilitumika kupima chanjo ya polio ya Jonas Salk, zikasambazwa, zikauzwa, huku vitabu vikimwita mwenyewe Helen Lane. Familia yake ilikuja kujua karibu 1973, zaidi ya miaka 20 baadaye. Kaburi lake huko Clover lilikaa bila jiwe hadi mwaka 2010.

Henrietta hakuwahi kumpakata mjukuu. Lakini wajukuu ndio walioshika kesi ya bibi wasiyemwona. Mwaka 2013, ramani ya jeni za seli zake ilipochapishwa bila idhini, ukoo ulilalamika, na Agosti mwaka huo ukapata viti kwenye kamati inayoamua nani ataitumia. Tarehe 4 Oktoba 2021, miaka 70 kamili tangu kifo chake, wasimamizi wa mirathi yake walishtaki kampuni ya Thermo Fisher. Wakapatana nje ya mahakama Agosti 2023. Kiasi kilichokubaliwa ni siri yao. Mwezi huohuo wa Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi Lawrence, kifungua mimba wake, tuzo kwa niaba ya mamake.

Na sisi huku? Harald zur Hausen, Mjerumani aliyeonyesha kwamba virusi vya HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi, alivikuta pia ndani ya seli za Henrietta. Kazi yake ilifungua njia ya chanjo, na Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 chanjo hiyo Oktoba 2019. Binti ya dadangu alidungwa. Alilia kidogo, akapewa peremende, akasahau. Nyanya alikufa kwa saratani hiyohiyo.

Usiku ule wa kuamkia mazishi niliandika upya. Ugonjwa nikaupa mistari miwili. Zilizobaki nikawapa chifu, viatu vilivyovuliwa, na kicheko kilichosikika hadi kwa jirani. Shangazi ndiye aliyesoma. Alipofika kwa chifu alishindwa kuendelea, na waombolezaji wote wakacheka, chifu mwenyewe akiwemo.